Dakika tatu za Mutomo

Jumatatu, pale Wote, niliwaonyesha mabosi grafu: wananchi wanamaliza fomu yetu kwa dakika tatu. Nikapigiwa makofi, na mimi nikajiona fundi.

Alhamisi nikashika barabara ya Kibwezi, nikavuka mto Athi hadi Mutomo, upande wa Kitui, kuwaona hao wananchi. Niliwapata kwa foleni nje ya saiba. Mama mmoja mzee akafungua leso, akatoa kitambulisho na kabambe yake. Kijana wa saiba akajaza. Dakika tatu, kweli. Halafu akafungua daftari: majina, namba za vitambulisho, namba za siri. Kurasa kwa kurasa.

"Mwaitu, mbona hujazi mwenyewe?"

"Mwanangu, fomu yenu ni ya Kizungu na inaharakisha kuliko macho yangu. Huyu namjua mpaka mamake."

Kumbe wananchi wangu wote hapo walikuwa mtu mmoja, kwa shilingi hamsini kila kichwa.

Lile daftari linavunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, najua. Lakini nikimripoti, saiba itafungwa na mwaitu atapanda matatu hadi Kitui mjini kuulizwa maswali yale yale. Na aliyemsukuma kwa daftari ni nani, kama si mimi?

Leo Ijumaa nimechora ukurasa mpya: Kikamba kwanza, na nafasi ya msaidizi kuingia kwa jina lake, bila namba ya siri ya mtu. Grafu nimeifuta. Jumatatu nitaeleza kwa nini, na sidhani kutakuwa na makofi.