Kabla likizo haijaisha, rekodini mvua ya Tukuyu

UKISHUKA basi Tukuyu, kilometa kama 70 kutoka Mbeya, kitu cha kwanza ambacho watoto wa Dar es Salaam hulalamikia ni baridi. Cha pili ni mvua. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na ikianza kupiga bati la nyumba ya bibi alasiri, maongezi yote husimama. Hata televisheni haisikiki.

Hapo ndipo simu inapoweza kupata kazi nyingine. Karibu kila simu janja ina programu ya kurekodi sauti, na wengi hawajawahi kuifungua. Mpe mtoto dakika tatu za mvua akiwa ndani, chini ya bati. Ikipungua, atoke arekodi nyingine tatu kwenye migomba. Utadhani ni mvua mbili tofauti: bati linanguruma, migomba inaendelea kudondosha matone mazito hata baada ya mawingu kupita.

Masharti ni machache. Simu iwekwe hali ya ndege ili ujumbe usiingie katikati. Isishikwe mkononi, maana vidole vikikwaruza husikika kuliko mto. Ilazwe juu ya kanga iliyokunjwa, mahali pasipo na upepo. Mtoto ataje kwanza mahali, tarehe na saa, kisha anyamaze. Hilo la kunyamaza huwashinda hata akina baba.

Kwenye Mto Kiwira lipo Daraja la Mungu, mwamba wa lava ambao maji hupita chini yake. Kijungu nacho hakiko mbali: mto unaingia kwenye shimo la mwamba kama chungu na kutoa mngurumo mzito. Mawe yanateleza, hivyo mkono wa mtoto usiachiwe kwa ajili ya rekodi yoyote. Sokoni Tukuyu kuna "Ugonile!" za kusalimiana na mikungu ya ndizi ikishushwa, lakini ombeni ruhusa kabla ya kunasa mazungumzo ya watu.

Anayedhani huu ni mchezo wa kupoteza muda amfikirie kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima huyo mwenye haya wakati wanasayansi hawamjui. Watafiti wa shirika la WCS waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe waliwasikiliza wanakijiji, wakaanza kumtafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Alitangazwa duniani mwaka 2005, baada ya watafiti wengine kumkuta pia milima ya Udzungwa. Kwanza aliwekwa kundi moja na mangabey, lakini mlio wake ulileta maswali: ni mbweko mzito unaofanana na honi, tofauti kabisa na ule wa mangabey wa kundi hilo. Baadaye mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, akapimwa vinasaba, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ilikuwa miaka 83 tangu jenasi mpya ya kima ipatikane Afrika.

Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji wapatao 1,100 tu. Familia inayopanda mlimani na mwongozaji inaweza isimwone wala kumsikia. Si neno, ndege wa alfajiri na upepo kwenye mianzi vinatosha kujaza rekodi.

Lakini sauti iliyo hatarini zaidi kwa familia nyingi haiko msituni, iko uani. Jioni bibi anaita kuku, anapasua kuni, anajibizana na jirani kwa Kinyakyusa kupitia migomba. Mjukuu aliyezaliwa Temeke haelewi neno, na wazazi wake nyumbani huongea Kiswahili tu. Mwombeni bibi ruhusa, muwashe simu, mumwache aendelee na shughuli zake.

Usiku mtoto amchezee bibi rekodi hiyo na kumuuliza alikuwa akimwambia nini jirani. Rekodi ya pili iwe ya majibu yake, na hiyo isipimwe kwa dakika tatu. Nakala ihamishiwe kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta ya shangazi kabla ya safari, maana simu nyingi za likizo hupotelea stendi.