Saa Tatu ya Wapi?

Kutoka Biharamulo mjini hadi Lusahunga, kisha Nyakahura na Benaco, sina kubwa la kusimulia. Zamani mabasi yalivuka pori la njia hiyo kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki. Safari hii tulisindikizwa na nyimbo za injili za dereva, kwa sauti ya juu mwanzo hadi mwisho. Nilifika Rusumo jioni nikatafuta pa kulala.

Ilikuwa likizo ya Juni. Nafundisha jiografia, na nilikuwa nimechoka kuchora ubaoni makutano ya mito nisiyoijua. Hapo Rusumo, wilayani Ngara, Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na maji yanayotoka Rwanda, na mto Kagera unaporomoka mara moja kwenye mwamba. Kijana wa bodaboda akakubali kunipeleka mahali ambapo makutano yanaonekana vizuri. Tulipatana nauli, tukapatana na muda: saa tatu kamili asubuhi, mbele ya kibanda cha mama ntilie.

Saa tatu ikafika, kijana hayupo. Saa tatu na robo, hayupo. Niliagiza chai na chapati, nikamaliza, nikaagiza chai nyingine nisiyoihitaji ili nisionekane nimekalia benchi la watu bure. Nikipiga simu, haipatikani. Malori yalikuwa yanapita kuelekea darajani, lile lililofunguliwa rasmi na marais Magufuli na Kagame Aprili 2016, na wenye malori walionekana kujua wanakokwenda. Mimi nilikuwa natunga maneno. Mwalimu akikaa peke yake na hasira hutunga hotuba nzima: vijana wa siku hizi, ahadi, uaminifu, taifa.

Akatokea akipiga honi, uso umekunjuka.

"Shikamoo mwalimu! Kumbe umewahi!"

Sikuitikia marahaba. Nilimwonyesha simu yangu: saa nne kasoro dakika moja. Yeye akatoa yake, kioo kimepasuka kona, akaifuta kwenye koti na kunielekezea. Saa tatu kasoro dakika moja.

"Nimelala ng'ambo kwa dada yangu," akasema. "Simu imeshika mtandao wa Rwanda, na saa imejibadilisha yenyewe. Mimi nimekuja kabla ya muda, mwalimu."

Mama ntilie, aliyeniacha nichemke muda wote ule bila kusema neno, akacheka hadi akaweka upawa chini. "Hapa ukiagana na mtu unamuuliza kwanza, saa ya wapi? Kuna watu wameachwa na basi kwa ajili hiyo."

Kwamba Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja nilikuwa najua. Nimeifundisha miaka yote, ila daima kwa mfano wa New York na Tokyo, kana kwamba tofauti ya saa ni jambo la watu wa ndege. Kilichonifumbua macho ni kauli ya yule kijana tukiwa njiani, akipaza sauti juu ya mlio wa pikipiki: "Lakini mwalimu, saa ya ng'ambo ndiyo ya kweli. Saa sita yenu ikifika, jua bado halijafika juu."

Nikapiga hesabu nikiwa nimekaa nyuma yake. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika nne. Saa ya Tanzania imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ambayo haigusi hata ardhi yetu. Iko karibu na Mogadishu. Rusumo iko kwenye nyuzi 30 na ushee. Tofauti ni nyuzi 14 na kidogo, sawa na dakika 57 hivi. Kijana hakukosea. Jua la Ngara linafuata saa ya Kigali. Sisi tunafuata ya Dar es Salaam kwa sababu nchi ni moja na inatumia saa moja, na hilo silipingi.

Makutano niliyaona, ni mazuri. Niliyaona pia mabonde ambayo Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka na kuyaingia ndani ya saa 24 wakikimbia kutoka Rwanda. Hilo namwachia mwenzangu wa historia, naye ningemshauri asilifundishe kabla ya kufika Benaco, walikopiga kambi.

Julai nilichomeka fimbo uwanjani mwa shule, Biharamulo, kidato cha pili wakiwa wameizunguka. Kila baada ya dakika kumi mmoja aliweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Saa sita kivuli kilikuwa bado kinavutwa magharibi. Kilikuwa kifupi kabisa karibu na saa saba, kengele ya chakula ilipolia. Msichana mmoja ambaye huwa hanyooshi mkono akauliza, "Kwa hiyo kengele ya chakula ndiyo saa sita yenyewe?" Ndiyo yenyewe. Siku hiyo fomula haikukaririwa na mtu.

Mwalimu mwenzangu alinikumbusha kwamba mtihani hauulizi Rusumo. Ni kweli. Lakini aliyeelewa Rusumo, New York haimshindi, na aliyekariri New York hawezi hata kuagana na bodaboda mpakani.

Walimu wenzangu mlio Kabanga, Manyovu, Tunduma na Kasumulu, nanyi mnalo somo hili mlangoni. Burundi, Zambia na Malawi wote wako nyuma yetu kwa saa moja. Fimbo na kokoto hazihitaji kibali cha bajeti.