Staa wa Minnesota katua Buffalo, na kuna kijana hajalala

Jumatatu ya Machi 16, 2020, Marekani ikiwa inaanza kujifungia ndani kwa sababu ya corona na michezo imesimama, simu ya kijana mmoja wa Buffalo ilianza kulia bila kupumzika. Dili limetiki! Bills wamemchukua yule risiva mkali wa Minnesota Vikings. Kwa wasiofuatilia mpira wa Kimarekani, risiva ndiye anayetoka mbio pembeni na kuudaka mpira anaorushiwa na kota-beki. Jina lake, wanaojua wanajua.

Bei sasa. Buffalo wametoa nafasi yao ya raundi ya kwanza kwenye drafti, namba 22, wakaongeza ya tano na ya sita, halafu na ya nne ya mwaka 2021. Yaani wameuza shamba wakanunua ng'ombe mmoja.

Kijana mwenyewe ni Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Alifika Buffalo na Simba moyoni, baridi ikamfundisha Bills. Na kuishabikia Bills siyo mchezo. Wazee anaofanya nao kazi ghalani bado wanasimulia fainali nne za Super Bowl mfululizo, zote walipigwa. Ya kwanza, Januari 1991, walikufa 20-19 baada ya mkwaju wa yadi 47 kupita kulia. Yeye anayo yake: Januari 4 mwaka huu, Houston, timu inaongoza 16-0, ikaishia kulala 22-19 muda wa nyongeza. Siku mbili chakula hakikupita.

Kota-beki wao ana mkono wa bunduki, ila mipira mirefu ilikuwa inaangukia nyasi. Huyu mpya anaifuata huko huko juu. Msimu uliopita alivuta yadi 1,130, na Januari 2018 ndiye aliyedaka ule mpira wa sekunde ya mwisho dhidi ya Saints, akaenda nao mpaka mwisho, yadi 61, uwanja ukapagawa.

Lakini kinachomkosesha usingizi kijana siyo yadi. Risiva huyo alifiwa na baba mwaka 2008, akiwa na miaka 14, na chuo akachagua Maryland, karibu na nyumbani, asiwe mbali na wadogo zake. Kijana naye baba yake kazikwa kambini. Ni kifungua mimba, nyuma yake wapo watatu. Wakisema staa ni mtata, kwamba Oktoba iliyopita Vikings walimkata zaidi ya dola 200,000 kwa utoro, anawaka kama katukanwa yeye. "Mtu aliyelea wadogo zake hawezi kuwa mbaya," anasema. Hapa mapenzi yamezidi. Kufiwa hakumzuii mtu kutega mazoezi.

Tatizo ni bahasha. Kwa miezi anaweka hela humo ili Septemba awapeleke wadogo zake wote Orchard Park, mara ya kwanza maishani. Wiki hii kazini wamepunguza zamu. Mama anaijua bahasha ilipo, na anajua kodi ya nyumba inaisha lini.

"Baba, huyo mtu anakujua?" akamuuliza.

"Hanijui, mama."

"Haya."

Hakuongeza neno, na ndilo lililomuuma zaidi. Usiku akatoa nusu ya hela akaiweka juu ya friji, nusu akairudisha.

Jumanne asubuhi ikaja nyingine: yule kota-beki babu kubwa wa New England, timu iliyobeba ubingwa wa kundi lao misimu 11 mfululizo, anaondoka. Kijana akaruka kitandani, akaenda kumgongea mama mlango.

"Mama! Ameondoka!"

"Nani tena?"

Akamweleza, mikono inaruka hewani. Mama akajifunika shuka upya.

"Na huyo naye tumemwekea hela?"