Shu Moja Ibaki Nyumbani

Jumamosi tulipanda barabara ya Rutshuru. Tulipita Munigi na Kibati, tukavuka mawe meusi ambayo Nyiragongo iliyamwaga Mei 2021, mpaka Kibumba. Kule kuna baridi na udongo mzuri: shu, karoti, puwaro, viazi. Chukudu zilikuwa zinapakiwa kushuka Goma.

Mama mmoja alituambia anauza shu zote. Na nyumbani wanakula nini? «Ugali na makayabu.» Tulicheka naye, kisha tukanyamaza. Hata sisi wa mjini tunafanya vilevile.

Chumvi nyingi inapandisha tansiyo, na tansiyo inachosha moyo pole pole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mboga zina potasiamu, inayosaidia mwili kutoa chumvi. OMS inashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, ukihesabu na ile iliyo ndani ya samaki. Mboga na matunda yafike gramu 400.

Nasi tunaoishi juu ya mawe tusikate tamaa. Tujaze gunia udongo na samadi, tupande lengalenga. Baada ya wiki chache tunachuma. Tusizichemshe sana, na makayabu tuyaloweke, tumwage maji yake. Anayekunywa dawa ya tansiyo asiiache.

Na wewe unayepakia chukudu, toa kwanza shu moja ya watoto na yako mwenyewe.