Siku ya Dereva

Basi linatoka Paris alfajiri kuelekea London, na mwongoza watalii hana la kutuambia tena. Ziara imekwisha, imebaki njia. Wengi huiona siku hii ya mwisho kuwa ya kusinzia. Mimi naona ndiyo siku ambayo mtalii anaacha kuoneshwa na kuanza kuona. Siku zote nyingine kuna aliyetuchagulia cha kutazama. Leo mpangaji ni dereva, naye anapangiwa na sheria: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inamtaka apumzike dakika 45 kabla hajazidisha saa nne na nusu za kuendesha, na takografu iliyo mbele yake, kifaa kinachorekodi saa zake za kuendesha, haibembelezwi. Kwa hiyo tunashushwa pasipo na mnara wala makumbusho, kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, katikati ya madereva wa malori na familia zilizobeba mkate wao. Hapo Ufaransa haikujua kwamba tunakuja.

Atakayesema kwamba kioo cha basi hakimfundishi mtu kitu ana haki yake. Barabara ya A1 inapovuka mto Somme, jicho linaona mashamba tu. Lakini katika bonde hilo, tarehe 1 Julai 1916, wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 19,000 waliuawa kwa siku moja, na vita hivyohivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, ndivyo vilivyoziachia Dar es Salaam na Nairobi majina ya Kariakoo na Kariokor, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wetu. Mnara wa Eiffel, pamoja na uzuri wake wote, hautuhusu kiasi hicho.

Je, treni ya mwendo wa saa mbili na ushei si bora? Kwa mwenye haraka, ndiyo. Ila basi linaupitisha mpaka taratibu, mtu akaujua uzito wake. Huko Coquelles, kwenye mlango wa handaki la chini ya bahari, kwa makubaliano ya mwaka 1991, maafisa wa Uingereza wanakagua pasipoti wakiwa ndani ya ardhi ya Ufaransa, na kundi lililokula pamoja juma zima linagawanyika kwa rangi za pasipoti zake. Kisha dakika 35 za handaki, na saa inarudishwa nyuma kwa saa moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aombe viza mbili mapema: ya Schengen haivuki mlango ule.