Kilimia na swali la Baba

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu kazi ilinipeleka Los Angeles, Marekani. Leo siandiki juu ya kodi.

Jioni moja ya Desemba nilipanda kilima hadi Griffith Observatory, kituo cha kutazamia nyota kilichofunguliwa mwaka 1935. Kuingia ni bure, na anga likiwa safi wananchi huchungulia kwenye darubini. Nje kwenye nyasi, mzee mmoja wa kujitolea alikuwa ameelekeza darubini yake kwenye kundi la nyota huku akisimulia hadithi ya Wagiriki wa kale: mabinti saba wa Atlas walifukuzwa na mwindaji Orion, mpaka Zeus akawaweka mbinguni.

Zamu yangu ilipofika nikacheka. Kumbe ni Kilimia! Nyota za kulima, alizonionyesha Baba nikiwa mdogo, kwetu Taita. Baba ni mkulima na mzee wa kanisa. Ndiye aliyeniambia kwamba zimo hata katika kitabu cha Ayubu, pale Mungu anapomwuliza Ayubu kama anaweza kuzifunga.

Nikampigia simu. Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi. Tangu nimwambie nimeacha kwenda kanisani, miaka mitatu sasa, huwa tunaongea juu ya mvua na karo tu. Nikamweleza haraka haraka: Kilimia ni nyota zaidi ya 1,000, umbali wa miaka ya nuru kama 440. Nuru niliyoiona iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Zilizaliwa katika wingu moja, zinashikiliwa na nguvu ya mvutano, na baada ya mamilioni ya miaka zitatawanyika. Kwa hiyo, nikasema, swali la Ayubu limejibiwa.

Baba akanyamaza kidogo. "Umenitajia kamba, mwanangu. Aliyefunga je?"

Zamani ningebishana. Lakini kila siku nasoma kodi za watu wengine. Naweza kueleza kila mstari unafanya nini na bado nisijue mwandishi alikusudia nini, au kama alikusudia chochote. Nikamwambia, "Baba, hilo sijui."

Tukaongea dakika arobaini. Mwishoni akauliza kama kwa darubini bado ni saba. Nikamwambia nilishindwa kuhesabu.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye kodi.