Kioo Kipana kwa Kompyuta Kuukuu

Wanachuo wetu hutuuliza mara kwa mara kama kompyuta ya zamani yafaa kutupwa, au yaweza kuendelea kutumika kwa kubadilishiwa kioo peke yake. Jibu letu ni kwamba yaweza kuendelea. Mashine iliyotengenezwa miaka kumi na mitano iliyopita, maadamu ingali inawaka na kutunza kazi inazopewa, haistahili kutupwa kwa sababu ya udogo wa kioo chake. Lakini swali hilo linahusu mashine tu, ilhali sisi tunafundisha watoto, na yatupasa kuuliza pia mtoto aketiye dawati la mwisho atapata nini.

Katika chumba chetu cha zana za kufundishia palikuwa na kompyuta yenye kioo bapa cha inchi 15, cha umbo lile la zamani ambalo upana wake ni sehemu 4 na kimo chake sehemu 3. Mwaka jana tulikiondoa, tukaweka kioo kipana cha inchi 24, ambacho upana wake ni sehemu 16 na kimo sehemu 9. Kompyuta yenyewe hatukuibadilisha.

Tuanze na inchi, kwani hapo ndipo wengi hudanganyika. Mwenye duka hapimi upana wala kimo. Hupima ulalo, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Kwa kanuni ya Pythagoras, ambayo kila mwanachuo ameisoma, kioo cha inchi 15 chenye uwiano wa 4 kwa 3 kina upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 9, kwa kuwa 144 na 81 ni 225, na kipeuo chake cha pili ni 15. Sasa chukua kioo kipana cha inchi 18.5, ambacho hupatikana kwa bei nafuu. Upana wake ni karibu inchi 16.1, na kimo chake ni karibu inchi 9.1. Mnunuzi aonaye kuwa ameongeza inchi tatu na nusu, kwa hakika ameongeza upana tu. Kimo kimebaki kile kile. Ndiyo sababu tulikataa kioo cha namna hiyo tulipopewa bei yake, tukangoja mpaka fedha ikatosha kununua cha inchi 24, ambacho upana wake ni karibu inchi 20.9 na kimo karibu inchi 11.8.

Jambo la pili ni tundu la kuunganishia. Kompyuta yetu ina tundu la VGA tu, lile lenye matundu madogo 15 katika safu tatu, lililoanzishwa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Kioo kipya kina tundu la HDMI, ambalo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2002. VGA hupeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka. HDMI huipeleka kwa tarakimu. Kwa hiyo waya mtupu wenye ncha mbili tofauti hautoshi. Hapana budi kupata kigeuzi chenye mitambo ndani yake. Tena mnunuzi aeleze wazi kwamba kigeuzi kinatoka VGA kwenda HDMI, kwani kile cha upande wa pili hufanana nacho sana na hakitafanya kazi. VGA haichukui sauti. Mwenye kutaka sauti atumie spika za pembeni.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tushike kalamu. Kompyuta ya zamani iliyozoea kutoa picha ya vitone 1,024 kwa 768, vile ambavyo mafundi huviita pikseli, ikiunganishwa na kioo kipana mara nyingi huendelea kutoa picha ile ile. Kioo nacho, kikitaka kujaza nafasi yake yote, huivuta picha kwa upana hadi mara moja na theluthi ya ilivyokuwa, bila kuiongeza kimo kwa kiasi hicho hicho. Wengi hawatambui, kwa kuwa maandishi yaliyovutwa bado husomeka. Bara la Afrika, ambalo kutoka kaskazini hadi kusini lina kiasi cha kilomita 8,000 na kutoka magharibi hadi mashariki kiasi cha kilomita 7,400, huonekana kama kwamba upana wake ni kilomita 9,900 hivi. Mtoto huondoka akiamini kuwa bara lake ni pana kuliko lilivyo refu.

Kabla hatujanunua kioo chetu, tulikwenda kumwangalia mwanachuo mmoja aliyekuwa akifundisha Darasa la Tano katika shule ya mazoezi iliyokwisha pata kioo kipana. Somo lilikuwa duara. Andalio la somo lilikuwa zuri, na sauti yake ilifika nyuma. Alionyesha duara katika kioo, akaeleza kuwa kila sehemu ya mzingo wake iko umbali sawa na kitovu, kisha akawaagiza watoto walichore. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alichora umbo la yai, akaandika chini yake kwa mwandiko safi: duara. Mwalimu alipopita alimtia alama ya kosa. Mtoto alikitazama kioo, akalitazama daftari lake, akanyamaza.

Baada ya kipindi tulichukua rula, tukaiweka juu ya kioo pamoja na mwanachuo huyo. Kimo cha lile duara kilikuwa sentimita 18. Upana wake sentimita 24. Mtoto alikuwa amechora kwa uaminifu kile alichoonyeshwa, naye alihukumiwa kwa kitu ambacho hakikuonyeshwa. Tunamsifu mwanachuo yule kwa alilolifanya kesho yake: alimrudishia msichana alama yake mbele ya darasa, akawatoa watoto wote uwanjani na kuwachoresha duara ardhini kwa kigingi na kamba.

Dawa yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kufungua orodha ya kioo chenyewe kwa vitufe vyake na kuchagua uwiano wa 4 kwa 3. Picha itakaa katikati, na pande zote mbili zitabaki nyeusi. Ya pili ni kuweka katika kompyuta programu ifaayo ya kuendeshea picha, ili itoe vitone 1,920 kwa 1,080. Hapo vitone hufikia zaidi ya milioni 2, ilhali vya awali havikufika laki 8. Kompyuta kuukuu huvimudu kwa picha zilizotulia, ila kwa filamu yaweza kusuasua. Kwa njia ya pembeni tutaje kwamba vioo vingi vya inchi 18.5 vina vitone 1,366 kwa upana, nayo 1,366 haigawanyiki kwa 8. Kompyuta nyingi za zamani hukubali tu hesabu zinazogawanyika hivyo, zikatoa 1,360.

Lakini dawa hiyo ya pili ina madhara yake. Katika kioo chetu cha zamani kila inchi ilikuwa na vitone 85 hivi. Katika kipya kila inchi ina vitone 92 hivi. Herufi yenye kimo cha vitone 10 ilikuwa na milimita 3. Sasa ina milimita 2.8. Kioo kimekuwa kikubwa, herufi imekuwa ndogo! Kwa ile dawa ya kwanza, yenye weusi pembeni ambao baadhi ya wanachuo huuona aibu, herufi hiyo hiyo hufikia karibu milimita 3.9, ingawa kingo zake hupoteza ukali kidogo. Sisi hatuoni aibu yoyote katika weusi huo.

Hata hivyo milimita 3.9 hazitoshi darasani. Jicho zima, kwa umbali wa mita 6, huweza kutambua herufi yenye kimo cha milimita 9 hivi, lakini kwa shida. Hicho ndicho kipimo cha hospitali. Kwa kusoma bila kukaza macho tunapendelea mara tatu yake, yaani milimita 27. Kwa kipimo hicho, pamoja na nafasi kati ya mistari, kioo cha inchi 24 huchukua mistari sita tu. Yaliyosalia yaandikwe ubaoni kama zamani.

Kwa hiyo katika maandalio ya wanachuo wetu watakaotumia kioo hicho tumeongeza mstari mmoja chini ya sehemu ya zana: umbali wa dawati la mwisho, kwa mita, uliopimwa kwa kamba.